Katoni Nyepesi

Wale wanaofuatana nasi tangu mwanzo wanajua kwamba tulimwacha Kavinya ameketi juu ya katoni. Hakuketi kwa kupenda. Viti vyake vyote vilikuwa vimehamia nyumbani kwa Aoko, jirani wa mlango wa pili, ili viboko wapate nafasi.

Kwa anayetukuta njiani: Kavinya, mama wa Ndindi, ni mke wa Matheka, fundi wa vinyago, na wanaishi Mowlem, Nairobi, katika vyumba viwili na ua. Mapema mwaka huu walipata oda ya viboko wa mti mzito wa mhugu kutoka Marekani, kwa duka moja lisilo na mlango wala kaunta. Wateja wake wanaangalia picha kwenye kompyuta, wanachagua, na mali inatolewa kwenye ghala na kupelekwa hadi kwao. Walikubaliana hivi: Matheka achonge, mdogo wake Mutie apige msasa na kung'arisha, Kavinya afunge mzigo mpaka ufike kwenye hilo ghala.

Kwanza alifunga kwa nyasi kavu, na mkaguzi wa mimea akasema nyasi za Kenya haziruhusiwi kusafiri. Akafungua, akafunga upya. Kisha mvua ikapita kwenye mabati. Akafungua, akaanika viboko uani, akafunga upya. Kisha ikagunduliwa kwamba vile vibandiko vyenye mistari myeusi, ambavyo mashine ya huko husoma, alikuwa amevibandika kwenye matumbo ya viboko badala ya kwenye mifuko yao ya nailoni. Akafungua.

Mkosi wa wiki hii ulikuja ukiwa umevaa tai.

Alikuwa Bwana Njogu, wakala aliyewaletea oda. Alisimama mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na pa kusimama.

"Mama Ndindi, habari ya viboko?"

"Viboko hawajambo."

"Vizuri. Kuna neno dogo tu."

Kavinya alikwisha kujifunza kuogopa maneno madogo ya Bwana Njogu. Makubwa huwa hayana shida.

"Ghala lina sheria," Njogu akasema. "Katoni moja ibebwe na mtu mmoja bila kuumia mgongo. Ikizidi kilo ishirini na mbili, wanairudisha."

"Wanairudisha wapi?"

"Hapa."

"Hapa Mowlem?"

"Kwa gharama yako, mama."

Aoko, aliyekuwa akisikiliza kutoka uani huku akianua nguo, akaingilia. "Kumbe Marekani yote hiyo hawana mkokoteni?"

Njogu alikuwa na neno la pili, nalo pia lilikuwa dogo. Mwenye duka mwenyewe alikuwa amefika Nairobi. Alhamisi, lori likija kupakia, Njogu atakuja naye. Anataka kumpiga picha fundi akiwa kazini. Wateja wake wanapenda kuuona mkono uliochonga.

"Nasikia dunia inaisha Desemba, kompyuta zikishindwa kuhesabu mwaka elfu mbili," Aoko alisema baada ya Njogu kuondoka. "Na bado watu wanaagiza viboko."

"Watakuwa wameshalipia," Kavinya akamjibu, akashika kisu.

Mizani waliazima kwa Mursal, anayenunua vyuma chakavu kule Dandora. Waliining'iniza kwenye boriti ya kibanda cha uani. Katoni ya kwanza ilizidi, wakapunguza viboko. Ya pili ikazidi, wakapunguza. Aoko ndiye aliyeinyanyua ya tatu, kwa nguvu zilezile alizotumia kwa mbili za kwanza, nusura aitupe juu ya mabati.

"Jirani, humu kuna viboko ama kuna mandazi?"

"Viboko. Ni wale Mutie aliowaleta majuzi wakiwa mifukoni, nimewapanga kwa mkono wangu."

"Wangapi?"

"Sawa na zile zingine."

Mizani ya Mursal imezoea vyuma, haina utani. Katoni hiyo ilikuwa nusu ya uzito wa zingine.

Kavinya aliifungua. Viboko wote walikuwamo, kila mmoja kwenye mfuko wake, wakiwa na rangi ileile ya kahawia, mgongo uleule. Akamtoa mmoja. Kiboko wa mhugu ukimshika unajua umeshika kitu. Huyu alikaa kiganjani kama kitunguu. Akamnusa. Mhugu una harufu yake tamu, hata ukikaa mwaka. Huyu alinuka Jumapili asubuhi, watoto wanapopangiwa viatu vya kanisani.

Akamkwaruza tumbo kwa kisu. Ngozi ya kahawia ikatoka, na chini yake mti ukawa mweupe kama kiazi.

"Ni jakaranda," Kavinya akasema. "Jakaranda iliyopakwa rangi ya viatu."

Aoko alijipiga paja. "Nani sasa?"

Hilo halikuhitaji kufikiriwa. Anayepaka rangi ni mmoja.

Mutie alikuwa na kibanda chake Kayole, karibu na Spine Road, pamoja na mafundi wengine. Kavinya alifika pale jua likiwa utosini, kiboko akiwa ndani ya kikapu.

"Shemeji, karibu," Mutie alisema, akimfutia kigoda. "Umetembea kwa jua hili lote?"

"Sikuja kukaa." Akamweka kiboko juu ya benchi. "Huyu ni nani?"

"Ni kiboko, shemeji."

"Wa mti gani?"

Mutie alimtazama kiboko, akawatazama mafundi wenzake, ambao misasa yao ilikuwa imenyamaza yote kwa pamoja.

"Jakaranda."

"Nani amewachanganya na viboko wangu?"

Mutie alichukua kitambaa, akafuta mikono, kidole kwa kidole, kama mtu anayejiandaa kula.

"Ni mimi."

"Kaka yako anajua?"

"Mwache kaka, shemeji. Nimesema ni mimi."

Kavinya alimwambia aliyokuwa nayo moyoni. Alimwambia kikulacho ki nguoni mwako. Alimwambia amekula kwake, amelala kwake, sherehe ya ubatizo wake imeliwa kwa sahani zake, na sasa amemgeuza tapeli mbele ya watu asiowajua. Alimwita mwizi kwa Kikamba, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya mafundi wasioelewa Kikamba. Alipomaliza alimwambia asikanyage tena Mowlem.

Mutie hakujitetea. Aliinamisha kichwa tu, akasema, "Sawa, shemeji." Hilo ndilo lililomkera Kavinya zaidi. Mtu akikosa angalau akubishie kidogo.

Jioni, kabla taa hazijawashwa, alimkuta mumewe ameketi juu ya katoni yake ya kawaida, mgongo ukutani. Matheka alikuwa mtu mkimya. Tangu mwanzo wa mwaka ukimya wake ulikuwa umeongezeka, na alikuwa akitembea polepole, kichwa chini, mkono begani kwa Mutie. Kanisani walimsifu kwa unyenyekevu.

"Nimemfukuza Mutie," Kavinya alisema, akimmiminia chai.

Matheka hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Amesema ni yeye?"

"Amesema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya Kayole nzima."

Matheka alifumba macho. Kisha akanyoosha mkono, akaiweka ile chai juu ya meza. Meza ilikuwa kwa Aoko, pamoja na viti. Kikombe kilianguka, kikavunjika, na chai ikamwagikia miguu yake.

Kavinya alikitazama kikombe. Hii haikuwa mara ya kwanza. Kulikuwa na sahani, kulikuwa na taa ya chemni, kulikuwa na siku ile alipopishana na Ndindi mlangoni asimsalimie, na mtoto alikuwa amerudi kutoka shule ya bweni baada ya muhula mzima. Kila moja ilikuwa na sababu yake: uchovu, mawazo, vumbi la msasa.

"Baba Ndindi," akasema. "Nitazame."

Matheka aligeuza uso. Uliifuata sauti. Ulifika mahali palipokaribia pa kweli, ukasimama kidogo kushoto.

"Mutie ni macho yangu," Matheka akasema. "Tangu kabla ya Pasaka."

Kavinya alikaa chini, pale pale kwenye chai.

"Ilianza kama moshi wa jikoni," Matheka aliendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Nikasema ni vumbi. Mutie akanipeleka hospitali. Wakasema ni presha ya macho, iliyokwenda haitarudi. Sasa naona mwanga na kivuli. Wewe hapo ni kivuli kinachonukia kitunguu."

"Mara ya mwisho kuniona vizuri ni lini?"

Matheka alifikiri. "Ulikuwa umejifunga kile kitambaa cha kijani."

"Kile nilimpa Ndindi Krismasi."

"Basi ni kabla ya hapo."

Kwa Aoko redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo.

"Na jakaranda?"

"Viboko wa mhugu ni wangu. Hao niliwachonga kwa kupapasa, mmoja mmoja, na vidole vyangu unaviona. Lakini oda ni kubwa, na mimi nimekuwa mwepesi kama kobe. Nikamtuma Mutie akanunue waliochongwa tayari, awapake wafanane. Alikataa. Nikamwapisha kwa mama yetu asikwambie, hata iweje."

"Kwa nini usiniambie wewe?"

"Nani atampa kipofu kazi ya kuchonga? Na wewe ulikuwa ukifunga katoni unaimba. Sikuwa nimekusikia ukiimba tangu tutoke Machakos."

Kavinya alikasirika. Kwanza alimkasirikia mumewe. Alipofika katikati ya hasira hiyo akamkumbuka Mutie akifuta mikono kidole kwa kidole, ikageuka ikawa ya kujikasirikia mwenyewe. Akaokota vipande vya kikombe. Alipovimaliza alimshika mumewe mkono na kumwongoza hadi kitandani, ingawa ni hatua chache tu na Matheka alizijua kuliko yeye. Hakuutoa mkono.

Asubuhi walikwenda Kayole pamoja. Kavinya alikuwa amepanga atakavyoomba msamaha, palepale, mbele ya mafundi walewale, kwa lugha zote mbili.

Kibanda cha Mutie kilikuwa kitupu. Benchi lilikuwepo, kigoda kilikuwepo. Tezo, patasi na misasa havikuwepo.

"Mutie alihepa mapema, mathe," kijana wa kibanda cha pili alisema. "Ameenda ocha, kwao Wamunyu."

"Alisema atarudi lini?"

"Alisema hawezi fanya job mahali anaitwa mwizi."

Matheka alisikia yote. Alisimama akiwa ameshika ukingo wa benchi la mdogo wake, akalipapasa kutoka upande huu hadi upande ule.

"Ameacha safi," akasema. "Turudi."

Aliporudi, Kavinya alitenga katoni. Nzito aliziweka upande wa mlango, nyepesi upande wa ukuta. Nyepesi zilikuwa karibu nusu ya mzigo. Aoko alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akimenya viazi na kutoa ushauri.

"Jirani, pakia zote."

"Zote?"

"Mtu aliyenunua picha ameuziwa picha. Amepapasa? Hajapapasa. Amenusa? Hajanusa. Mtu anayenunua bila kushika ameomba mwenyewe kudanganywa."

"Na wadudu? Jakaranda mbichi itabunguliwa kabla haijafika baharini."

"Wadudu wa kwetu wataona Marekani. Wewe umeona?"

Kavinya hakucheka. Alikuwa akifikiria kwamba ni jina lake lililoandikwa kwenye mzigo, na kwamba mzigo huu ukikataliwa hautakuja mwingine, na kwamba mwanamume aliyelala chumba cha pili hatapata tena mtu wa kumwita fundi. Alifikiria hayo kwa muda wa viazi vyote vya Aoko.

Kisha alichukua selotepu, akafunga katoni zote. Zile nyepesi alizipanga katikati, akazizungushia nzito pande nne. Hakuimba.

Alhamisi Bwana Njogu alifika na tai nyingine. Nyuma yake alikuja mwenye duka. Wote walikuwa wametarajia mwanamume mnene. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kofia ya jua na kamera shingoni, aliyewasalimia "jambo" hata viboko.

Matheka alikuwa amekwisha kuketishwa uani juu ya kigoda, shati la kanisani limepigwa pasi, gogo la mhugu katikati ya miguu.

Mgeni alimwendea akamnyooshea mkono. Mkono ukabaki hewani. Matheka alikuwa akitabasamu kwa heshima, viganja vyake magotini.

Kavinya aliudaka yeye, akautikisa kwa niaba ya nyumba nzima.

"Mzee wetu ana haya," akasema. Njogu akatafsiri. Mgeni akafurahi. Haya hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta.

Kisha Matheka akachonga. Alilibana gogo kwa nyayo, kama anavyofanya siku zote, akaanza. Kavinya alikuwa amemtazama akifanya hivyo miaka mingi, na siku hiyo ndiyo kwanza aliona kwamba kidole gumba kinatangulia na tezo inafuata. Kidole kinauliza, tezo inajibu. Mbao zikaruka. Mgongo wa kiboko ukaanza kutokeza kwenye mti kama kwamba ulikuwemo siku zote ukingoja mvua. Pigo moja lilipita karibu sana na kidole cha mguu, Aoko akamwita Yesu kwa jina, na Njogu akaeleza kwamba ni desturi.

Kamera ililia na kulia.

Mgeni alipotosheka alisogea hadi kwenye katoni zilizopangwa, akazigonga kidogo kwa kiganja, akasema maneno marefu. Njogu alisikiliza, akiitikia kwa kichwa.

"Anasema hajawahi kuona kazi kama hii," Njogu alisema. "Picha hii itatangulia mbele ya viboko wote. Chini yake wataandika kwamba kila kiboko amechongwa na mkono huu mmoja, kwa mti wa mhugu. Anauliza, ni kweli aandike hivyo?"

Tezo ikasimama.

"Anamuuliza nani?" Matheka akasema.

"Anamuuliza mama. Mzigo ni wake."

Nje ya geti lori lilikuwa limefika. Dereva alipiga honi mara moja, akaacha injini ikinguruma.

Kavinya alimtazama mgeni, akamtazama Njogu. Neno lililotakiwa lilikuwa fupi kuliko yote aliyowahi kuyasema katika biashara hii. Ndiyo. Hata Njogu asingehitaji kulitafsiri.

"Kavinya," Matheka akasema.

Tangu Ndindi azaliwe hakuwa amemwita kwa jina lake mbele ya watu.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

Matheka aliiweka tezo chini taratibu, akafuta vidole kwenye shati la kanisani, akageuza uso wake mahali alipodhani mgeni amesimama. Akainua kichwa, akamtabasamia vizuri, kama mwenye nyumba anavyopaswa.

Hapo palikuwa na ndoo ya Aoko.

Mgeni aliitazama ndoo. Akamtazama Matheka, aliyekuwa bado anaitabasamia. Akaishusha kamera.

Tabasamu la Bwana Njogu lilibaki usoni kwa muda, kwa mazoea, kisha likaondoka.

"Bwana Njogu," Kavinya akasema, "mwambie dereva azime injini. Halafu nitafsirie. Usipunguze hata neno."

Njogu alisogea karibu, akashusha sauti. "Mama Ndindi, fikiri. Lori liko hapa. Zimebaki dakika chache tu mzigo uwe umekwenda."

"Nitaanza na shemeji yangu Mutie," Kavinya alisema, akimtazama mgeni machoni, "ambaye nilimwita mwizi, na si mwizi."

Njogu alilitazama lori, akazitazama katoni, akamtazama mwenye duka aliyekuwa akingoja. Alilegeza tai.

"Mama, una hakika?"

"Tafsiri."